Nyuki wa Kongwa

Jumapili, 13 Julai

Baridi asubuhi. Viazi vitamu, chai ya tangawizi. Maisha mazuri.

Kisha simu. Mama Priska, afisa utamaduni. Nikamwamkia kwa heshima zote. Akasema bila kuzunguka kwamba Jumamosi ukumbi usipojaa, mwakani Tamasha la Ushairi la Kanda ya Kati halipo tena. Mashairi yatatafutiwa nafasi ndani ya tamasha la ngoma, kabla ya mbio za magunia.

Magunia! Mimi, Lameck, katibu wa tamasha tangu lianze!

Ni kweli mwaka jana viti vingi vilikaa vyenyewe. Na waliokuja walikuwa wanasubiri pilau. Loisi, mke wangu, anashauri tukodi gari la matangazo lizunguke mitaani. Ushauri wa kawaida sana. Kichwa kama changu hakihitaji gari.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata! Watu hawatoki nyumbani kusikiliza mashairi. Wanatoka kusikiliza ugomvi. Basi nitawapa ugomvi wenye vina.

Wa kuchokozwa ni Mwantum. Anaongoza darasa la mashairi la kina mama kule Busi, Kondoa. Wakitoka shamba wanakaa barazani kwake, wanatunga, wanaimba, wanacheka, na kila wiki wanaongezeka. Darasa langu hapa Msalato lina fundi Thomas, anayekuja kuchaji simu, na Paulina, aliyedhani ni kikao cha kikoba cha kuweka akiba na sasa anaona aibu kuacha. Sina wivu. Naeleza tu hali ilivyo.

Nimesajili laini mpya. Nimejiita Nyuki wa Kongwa. Kongwa, ili asiwepo wa kuifikiria Msalato. Akili hiyo! Nikaiingiza laini kwenye kundi letu la WhatsApp la washairi, maana msimamizi wa kundi ni mimi peke yangu. Kisha nikatupia:

Mshairi wa Kondoa, shairi lako ni uji,
Sukari umeitoa, umezidisha na maji.

Nikaweka simu chini. Nikatafuna karanga kwa amani.

Jumanne, 15 Julai

Kundi linawaka! Hasani wa Kondoa mjini anataka kumjua huyo Nyuki asiye na adabu. Wengine wanacheka hadharani. Na kabla sijanywa chai, Mwantum kajibu:

Nyuki wewe una nini, wajificha mzingani?
Njoo huku uwanjani, tukujue wewe nani!

Limenichoma vizuri mpaka nimesahau kukasirika. Na sasa watu wanauliza tamasha ni saa ngapi. Wanauliza wenyewe! Mwaka jana niliwabembeleza kama watoto wanaokataa dawa.

Mama Priska naye kapiga. Anamtaka Nyuki ukumbini, ajibizane na Mwantum ana kwa ana. Nikamwambia nitajitahidi kumpata. Nimecheka peke yangu jikoni. Picha ninayo tayari: Jumamosi, ukumbi kimya, mimi nasimama taratibu, watu wanashika vichwa. Kumbe ni katibu!

Alhamisi, 17 Julai

Balaa. Anthony.

Anthony ni mwalimu wa sekondari. Anavaa kofia ya pama hata ndani, na sauti yake ni nzito kama spika ya kanisani. Na ndiye mshairi pekee wa Kongwa katika kundi. Jambo hilo, nakiri, lilinipita. Watu wamemuuliza kama ndiye Nyuki. Hakukubali. Hakukataa. Kaweka kikatuni cha kutabasamu.

Sasa anapongezwa nchi nzima! Vina vyangu! Mizani yangu! Hasani, aliyemwita Nyuki mkosa adabu, leo anamwita gwiji.

Nimemweleza Loisi msiba huu. Akauliza, "Baba Erica, si ulitaka ukumbi ujae?"

Nikasema ndiyo.

"Basi utajaa."

Hajaelewa kabisa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemtega Anthony. Nimetunga ubeti mkali wa Nyuki kuwakana matapeli wote wenye kofia, nikautuma kundini. Nikatazama jina juu yake. Lameck! Nimetuma kwa laini yangu! Nikaufuta haraka, jasho likinitoka na baridi yote hii. Kundi zima likabaki kimya muda mrefu. Kwa hiyo ni wazi hakuna aliyeona.

Hata hivyo nina silaha nyingine. Kesho mfunguzi wa tamasha ni mimi. Nitasoma utenzi wangu kuhusu uwanja mpya wa ndege, beti zote. Watasahau habari za nyuki.

Jumamosi, 19 Julai

Siku kubwa! Kina mama wa Busi wamefika na basi la kukodi, wanaimba tangu barabarani. Wanafunzi wa Anthony nao wamejaa, shikamoo kila kona. Fundi Thomas kaja bila chaja. Paulina kaja na wanakikoba wenzake wote. Watu wamesimama ukutani, wengine madirishani. Mama Priska kaniuliza viti vingine viko wapi. Swali tamu hilo!

Nikapanda jukwaani na utenzi wangu. Nilikuwa bado nasifia kifusi cha uwanja watu walipoanza kupiga makofi na kuita, "Nyuki! Nyuki!"

Moyo ukaniruka. Wamenijua! Nikavua miwani, nikainama kulia, nikainama kushoto, nikaweka mkono kifuani. Nilipoinuka, Anthony alikuwa keshasimama nyuma yangu na kofia yake, anaomba kipaza sauti.

Nikampa. Ningefanyaje?

Na lazima niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: walikuwa wazuri. Mwantum alianza, kina mama wakaitikia kibwagizo hadi mabati yakalia. Anthony akajibu papo hapo, kwa upole, akamsifu na kumchoma katika mshororo mmoja. Mwantum akashindwa kujizuia, akacheka, akarudi na jibu kali zaidi. Mzee mmoja alilia. Watoto waligoma kwenda kucheza. Mimi nilikaa pembeni na utenzi wangu mapajani, na sijui lini nilianza kupiga makofi. Viganja bado vinauma.

Kwenye pilau Mwantum kanifuata na sahani yake.

"Kaka Lameck, uji wangu umeuonaje?"

Nikajifanya sielewi. Akasema Nyuki alipoingia kundini, simu za watu wote ziliandika kwamba aliyemwingiza ni Lameck. Kwamba Anthony alimpigia siku ileile, wakakubaliana kuuendesha ugomvi mpaka ukumbini. Kwamba ubeti wa jana kina mama wa Busi wameukariri.

"Usinune, kaka. Umetuletea watu. Ila mbele yangu usingeweza kusimama, ndiyo maana tukakuletea Anthony." Akaniongezea nyama.

Sikununa. Nyama ilikuwa laini sana. Mama Priska katangaza mwakani tamasha ni siku mbili, na darasa la mashairi litafunguliwa Kongwa pia. Habari za magunia zimekwisha. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: maandishi. Maandishi yana ushahidi. Sauti haina.

Nimesikia Anthony ataongoza darasa jipya la Kongwa. Angefaa zaidi akiwa mbali kidogo. Kesho nitampigia simu kama Bi Sabrina, mdau wa fasihi kutoka Singida, nimwalike akafundishe huko mwaka mzima. Loisi anasema sauti yangu inajulikana toka hapa hadi Kondoa. Anadharau vipaji.

Nimeanza mazoezi uani. Kuku wamekimbia, lakini kuku si wapenzi wa fasihi. Frida, jirani, akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Baba Erica, koo linakusumbua?"

Nafasi nzuri ya kujipima! Nikamjibu kwa sauti ya Bi Sabrina kwamba Baba Erica hayupo, katoka.

Akasema, "Haya, Lameck. Akirudi msalimie."

Nimefaulu.