Yah: Kipimo Kinachochungulia Wino Ukiwa Motoni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Karakana, Mwanjelwa, Eveline, ambaye nyumbani ni mjukuu wangu.

Kamwene. Mimi mzima, mgongo tu ndio unajifanya mgeni rasmi.

Naomba kile kipimo kiondolewe, kazi yake nirudishiwe mimi. Wewe mwenyewe uliniita kutoka Ilula unikalishe mbele ya oveni, niseme lini umeiva huo wino wa kupitisha umeme mnaochapa kwenye stika za kupimia joto la matenga ya nyanya. Uliniita kwa sababu nimechoma matofali miaka arobaini na hakuna nyumba iliyoanguka kwa tofali langu, isipokuwa ile moja, na ile ilisukumwa na ng'ombe. Sasa kaja Masumbuko, huyo kijana fundi wako, na kipimo chake cha waya mbili. Malalamiko ni haya:

1. Hakina adabu. Tanuru likishawaka tunalikandika udongo, hakuna kuchungulia mpaka lipoe. Hiki kinaushika wino ukiwa bado motoni, kila dakika kinauliza umeme unapitaje. Hata mimi nikiulizwa hivyo siivi.

2. Kinanidharau. Juzi nimenusa, nikasema zimeiva, toa. Masumbuko akaniambia, babu, namba bado iko juu, ikishuka ikatulia ndiyo umeme unapita vizuri, kaa kwanza. Niambiwe kaa, mimi niliyechoma matofali elfu ishirini mvua inanyesha, mpaka mvua ikaona aibu ikahamia Idodi.

3. Hakili, hakichoki, hakiendi msibani. Kitu kisichokwenda msibani mnakipaje madaraka?

4. Kama hamkiondoi, basi kiletwe Ilula kijitambulishe kwa wazee, kitaje ukoo wake, kichome tanuru moja peke yake, halafu tukipigie kura. Mimi nitagombea pia.

Nisalimie wote hapo, Mama Naima wa chai asipunguze sukari. Hata Masumbuko msalimie, ila kwa kifupi.

Ni mimi mtiifu wako, siku nikijisikia,
Babu Abrahamu, Mchomaji Mkuu.

N.B. Nasikia umemwandikia Masumbuko onyo kwa stika za Jumanne zilizokataa kupitisha umeme. Lifute. Nilikifunika kipimo kwa kofia yangu, nikazitoa kwa kunusa, na pua yenyewe ilishakufa na baridi ya Mbeya tangu mwezi wa sita. Kipimo kibaki. Naomba tu kiti changu kisogezwe karibu nacho, na zile namba muwe mnaziweka kubwa, ili nizisome mimi kwanza halafu nimtangazie Masumbuko.