Maneno Mazito ya Baba Kiende

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Barua imefika kutoka shule ya bweni ya wasichana kule Embu. Binti yangu Kiende ameitwa intavyu Alhamisi ya wiki ijayo. Darasa la sita, nafasi imebaki moja. Moja! Na Kithinji, ambaye hufunga miraa meza moja na mimi hapa Laare, naye amepokea barua kama hiyo ya binti yake Ntinyari. Alinionyesha huku anacheka, meno yote nje. Mtihani ni maneno magumu ya Kiingereza na visawe vyake, pamoja na insha ya kuandikwa nyumbani kuhusu mtu unayempenda.

Shule hiyo ndiko marehemu mke wangu Karimi alikowafulia wasichana mashuka kabla sijamwoa. Mwezi wa nne, siku tatu kabla hajafariki, aliniomba jambo moja tu: Kiende alale kwenye mashuka hayo. Nikasema ndiyo. Ndiyo hiyo imenikaa kifuani mpaka leo.

Jumanne, 5 Novemba

Nilishuka Makutano, pale Meru mjini, nikaingia duka la vitabu. Vitabu vya visawe vilikuwa viwili tu. Nimenunua vyote! Kithinji atakiona cha mtema kuni. Muuzaji aliuliza kama nina mapacha. Nikasema ndiyo, tena wanapenda kusoma kupita kiasi. Mungu anisamehe. Kitabu cha pili nimekificha ghalani, chini ya magunia ya maharagwe.

Ijumaa, 8 Novemba

Maneno ishirini kila asubuhi. Mimi nafunga miraa, Kiende anakariri. Hasahau hata moja. Anayesahau ni mimi.

Leo Ntinyari kapita mezani, akaniamkia kwa adabu, akasema ninaonekana 'melancholy', yaani mwenye huzuni. Ala! Hilo ni neno la ukurasa wa tisini! Nikakimbia ghalani. Magunia yapo, kitabu hakipo. Kiende amekiri bila hata kutetemeka kwamba ndiye aliyempa mwenzake, kwa sababu kusoma peke yako kunachosha. Nimefoka mpaka kuku wakahama uani. Akasema mama yake angempa. Ni kweli angempa, tena na uji juu yake.

Jumapili, 10 Novemba

Kiende alikuwa kwaya. Nikaisoma insha yake daftarini. Ameandika juu ya mama yake. Maskini, maneno ya darasa la pili! Eti mama alikuwa 'sick'. Eti yeye alimpelekea 'tea' kitandani kila asubuhi, na mama aliuliza kama ina sukari kwa sababu ulimi wake haukuonja tena, naye alijibu ndiyo, hata siku ambazo sukari haikuwapo nyumbani. Mimi sikujua hayo. Nimelia, nakubali.

Lakini machozi hayapiti intavyu. Miaka kumi na saba nafunga miraa, na najua mnunuzi hununua kwa macho. Vijiti vinono huwekwa nje ya bunda, hivyo vingine ndani. Nikachukua kalamu. Nimeinakili yote kwa mwandiko wake. 'Sick' nikaweka 'indisposed'. 'Sad' ikawa 'lugubrious'. 'Tea' haina kisawe kitabuni, aibu kwa aliyekitunga, basi nikaweka 'beverage', yaani kinywaji. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Kiende nimemwambia ni kuzuia vumbi.

Alhamisi, 14 Novemba

Embu. Sijui nianzie wapi.

Kiende alitoka chumba cha mtihani akitabasamu, maneno yote aliyajua. Kisha mwalimu mkuu, Madam Rwamba, akatuita ofisini, insha mkononi. Akamuuliza mtoto alikuwa akimpelekea mama nini. Kiende akasema chai. Madam akamgeuzia karatasi asome. Akasoma, mstari baada ya mstari, kisha akaniangalia. Madam akauliza ni nani aliyeandika. Kiende akasema ni yeye. Ni yeye! Madam akauliza tena, polepole, safari hii akinitazama mimi. Na mimi, mwenye vitabu viwili vya visawe, sikupata neno hata moja. Nilitazama viatu vyangu.

Madam akasema shule yake haimchukui mtoto anayeleta kazi ya mtu mwingine kisha akadanganya. Nafasi imekwenda kwa Ntinyari. Nje kulikuwa na mashuka yameanikwa. Kiende aliyaangalia mpaka tukatoka getini.

Ijumaa, 15 Novemba

Kiende hali. Hanilaumu, ananiita Baba kama kawaida, na hilo ndilo linaniua.

Kithinji kaja nyumbani. Nilijiandaa kuchekwa, hakucheka. Alisema Ntinyari hataki kwenda bila Kiende, na kwamba yeye mwenyewe, Kithinji, amempigia Madam simu. Madam amekubali kuongeza kitanda kimoja, ila ukweli umfikie kabla ya Jumatatu jioni. Mistari miwili inatosha, akasema: kwamba niliandika mimi, na mtoto hana kosa. Nitie pia insha yake ya kwanza, ile ya daftari, ilivyo. Baba Kiende, akarudia, ilivyo. Nikamshika mkono kwa mikono yote miwili. Kumbe ni mtu mwema, ingawa anafunga miraa vibaya.

Jumamosi, 16 Novemba

Mistari miwili nimeiandika saa moja asubuhi. Nikaitazama. Ai! Barua ya kwenda kwa mtu msomi, imekaa uchi namna hiyo? Nikafungua kitabu. Kufikia saa sita ilikuwa kurasa nne, na kila aya ina neno la kumfanya Madam aketi wima.

Kiende aliisoma yote. Akaniuliza ni wapi inaposema kwamba ni mimi. Nikamwambia awe na subira, iko ukurasa wa tatu. Alikwenda kufua shuka, iwapo ataitwa.

Barua imeondoka na pikapu ya miraa saa nane. Moyo umetulia. Insha ya daftari nimeitia ndani kama Kithinji alivyotaka. Ilivyo kabisa. Isipokuwa 'tea'. Nimefuta neno hilo moja tu, nikaandika 'beverage' juu yake, na kalamu ni ya rangi ile ile.