Nyota Isiyo Kwenye Orodha

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: sijawahi kutua Mwezini. Hata mara moja.

Klabu nzima ya Anga inaniita Kapteni. (Klabu nzima ni mimi, makamu wangu Miwani, na wengine wawili wanaokuja kwa sababu chumba cha kompyuta kina feni.) Waliona picha niliyoileta muhula uliopita: chombo changu kwenye vumbi la Mwezi, kimesimama wima kama mlingoti. Picha ni ya kweli. Ila programu yetu ya kuigiza safari za anga kwenye kompyuta ina zoezi linaloanza chombo kikiwa kimeshatua. Nilifungua zoezi, nikapiga picha, nikafunga. Sikudanganya. Hakuna aliyeuliza kimefikaje.

Leo mwalimu wa fizikia ametangaza: Jumamosi ni siku ya wazazi, na Kapteni atatua mbele ya watu wote. Nikajibu sawa. Sijui nani alijibu, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Kuna jingine. Kwaya inakitaka chumba cha kompyuta tunachokitumia kila Ijumaa, eti sauti zinavuma vizuri mle. Mwalimu mkuu ameamua: tukitua, chumba ni chetu. Tukianguka, ni cha kwaya. Na kiongozi wa kwaya ni nani? Pacha wangu! Alinitangulia kuzaliwa kidogo tu, na tangu hapo anataka nimwite dada. Jioni amepita sebuleni akiimba wimbo wa mazishi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza, hapa nyumbani, kuiandaa kompyuta ya chombo, ile iliyo ndani ya programu. Ni ya kizamani. Haina picha, ni vitufe vya namba tu. Haijui chochote mpaka uiambie: saa ngapi, tuko wapi, tumeelekea upande gani. Jambo hili nalipenda kuliko yote. Mashine kubwa namna hiyo, na inaanza kwa kuuliza!

Upande ndio mgumu. Ndani kuna magurudumu madogo yanayozunguka na kukumbuka mwelekeo, lakini taratibu yanakengeuka, kama mtu anayesinzia darasani. Ili kuyanyoosha, unachungulia kwenye darubini ya chombo, unalenga nyota mbili, unaiambia kompyuta ni zipi kwenye orodha yake. Nikaona hiyo ni hatua ya waoga. Nikairuka.

Nimeanguka. Nimeanguka tena. Safari moja nilielekea kwenye Jua. Kila mara nilisema kwa sauti kwamba nimekufa. Bibi, aliyekuwa kwenye kochi, akauliza nani amekufa. Nikasema mimi. Akasema basi kabla sijafufuka nimletee maji.

Mjomba ni fundi rangi na wiki hii anapaka dari ya sebule yetu. Alinishauri kutoka juu ya ngazi: nishuke polepole, kama yeye. Kisha akakanyaga ndoo. Rangi ikaruka hadi kwenye viatu vya baba. Maneno ya mama siyaandiki hapa.

Jumatano, 6 Machi

UGUNDUZI!

Nimekubali ile hatua ya waoga. Nikachungulia. Na chini, upande wa kulia, nyota! Nyeupe pe pe pe. Nikaitafuta kwenye orodha. Haimo. Nikakigeuza chombo kushoto. Nyota zote zikahama. Yenyewe haikuhama. Kulia. Haikuhama. Nikakipindua kichwa chini. Ipo palepale, inanitazama.

Mbio kwenye kitabu cha astronomia. Kinasema nyota za mbali sana hazionekani kusogea. Hii haisogei kabisa! Basi ni ya mbali kuliko zote. Hata nilipozima kompyuta yetu ya nyumbani niliendelea kuiona. Mng'ao wake ni mkali kiasi hicho.

Kompyuta ya chombo inakuruhusu kutumia nyota isiyo kwenye orodha. Nikaitumia. Ukilenga vizuri, inakuonyesha masifuri matupu, yaani hakuna kosa. Kwangu ilionyesha manane na matisa. Nadhani nayo imeshtuka. Nikabonyeza kitufe cha kukubali. Nikaanguka, lakini kwa mpangilio zaidi.

Pacha wangu alikuja kusimama nyuma yangu. Akaitazama nyota. Akatabasamu, akaenda zake. Kumbe hata yeye huguswa na uzuri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewaeleza wanaklabu. Wa feni wamepiga makofi. Miwani ameuliza, kwa adabu zake zote, kama kitu kinakaa palepale hata chombo kikigeuka, je, hakiko kwenye kioo cha dirisha? Nimemwambia sayansi inahitaji watu wenye ndoto. Akaomba radhi. Nikamsamehe.

Mwalimu wa fizikia amesema mtu akiona kitu kipya angani, kwanza asafishe kioo cha darubini. Amenipa moyo sana.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Nimefungua safari yangu kwenye kompyuta ya shule. Nyota haipo. Nimezungusha chombo mpaka Miwani akapata kichefuchefu. Haipo! Nimefikiri kipindi kizima cha historia, na jibu nimelipata: skrini za shule ni dhaifu. Hazina nguvu ya kuonyesha kitu cha mbali hivyo.

Basi ni lazima skrini yetu ya nyumbani iende shule. Baba amekubali, kwa sharti kwamba ikirudi na ufa nisirudi nayo. Mjomba atatusaidia kuisukuma kwa toroli lake, imefunikwa blanketi. Pacha wangu amejitolea kushika blanketi. Wema wake umeanza kunitia wasiwasi.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba kilijaa. Mwalimu mkuu mbele. Mama, baba na bibi mstari wa pili. Kwaya ukutani, wamevaa sare kabisa.

Nikaiambia kompyuta saa. Nikaiambia tulipo. Nikachungulia kwenye darubini. Chini kulia: giza.

Nikageuza chombo. Giza. Nikakipindua. Mwalimu mkuu akakohoa. Nikasikia sauti ya mama, ile yake ya kunong'ona ambayo jirani husikia:

"We mtoto, unatafuta nini?"

Nikasema nyota. Nyeupe. Hapa chini.

"Hiyo? Si ndiyo rangi ya mjomba wako! Nimeikwangua kwa kucha asubuhi. Ulitaka watu waone skrini yetu imechafuka?"

Kisha bibi akamwambia baba kwamba mke wake amefuta nyota. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mjomba akainuka kuwaeleza wazazi kwamba ile ni rangi ya daraja la kwanza, haitoki ovyo. Nilitamani kuingia ndani ya kibodi.

Miwani akanivuta shati. "Kapteni. Tumia za kwenye orodha."

Sikuwa na njia nyingine. Nikalenga ya kwanza. Ilihama nilipogeuka, ikatulia nilipotulia. Nikalenga ya pili. Nikabonyeza.

Masifuri. Masifuri matupu!

Sijawahi kuyaona. Nukta mbili za mwanga, na mashine imejua imeelekea wapi! Nilisahau kwamba kuna watu. Injini ikawaka yenyewe kwa wakati wake, chombo kikashuka, mashimo ya Mwezi yakawa makubwa, vumbi likatimka. Kisha taa ndogo ya bluu ikawaka. Taa nzuri sana. Nikaitazama. Nikajiuliza ni ya nini.

Ni ya kukuambia umegusa ardhi, uzime injini. Ningejuaje? Sijawahi kufika hapo.

Chombo kikaruka kidogo, kikainama, kikalala ubavu polepole kama ng'ombe aliyeshiba.

Mwalimu wa fizikia akasema kimefika na hakijavunjika. Pacha wangu akasema kimelala. Wakabishana. Mwalimu mkuu akaamua: kimetua nusu, basi chumba nusu. Kila Ijumaa tutaruka huku kwaya ikiimba.

Jumatatu, 11 Machi

Pacha wangu amekiri kwamba alijua tangu Jumatano. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema hajawahi kuniona na furaha vile, na pia alikitaka chumba. Nimekataa kumwita dada kwa wiki nzima.

Nimetafakari makosa yangu kwa kina na nimepata funzo: kucha za mama zikae mbali na vifaa vya sayansi.

Kisha nimechapa picha ya chombo changu Mwezini. Kimelala. Nimeizungusha karatasi. Sasa kimesimama wima kama mlingoti, ila Mwezi nao umesimama, kama ukuta. Nimeukata ukuta kwa mkasi. Wakati wa mapumziko nimeibandika kwenye ubao wa klabu. Miwani ameiangalia muda mrefu, kichwa amekilaza begani. Hajauliza chochote.

Nimerudisha mkasi ofisini, nikaenda kwenye kipindi cha jiografia.