Habari za Gego la Nyuma na Baba Aliyevuka Ukumbi kwa Magoti

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye watoto shuleni na enyi mliokwisha kuwasomesha! Zimeni redio, funikeni sufuria, mwacheni anayepiga simu apige mpaka achoke, kwani nataka kuwasimulia kishindo kilichotokea Ijumaa moja alasiri katika ukumbi wa shule ya msingi, kishindo ambacho wanahistoria wamekipuuza kwa sababu wanazozijua wao wenyewe. Nitasimulia bila kutia chumvi, isipokuwa pale ambapo habari yenyewe ilikuja chapwa.

Shujaa wa habari hii ni mimi. Ningependa awe mtu mwingine, mrefu kidogo na mwenye magoti mazima, lakini hakupatikana. Mimi ndiye fundi wa sare za shule, Bwana wa Mapindo, Mwenye Futi Kamba Shingoni, niliyewavika kaptura na sketi watoto wa mtaa mzima. Mtu ambaye mkasi wake ukilia meza hutetemeka, na ambaye mkewe akikohoa mkasi hunyamaza.

Ikawa katika muhula ule mwalimu wa muziki, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupenya ukuta, akatunga mchezo wa nyimbo juu ya usafi wa kinywa. Ndani yake mlikuwamo Mfalme Mswaki, jeshi katili la Sukari, na meno safu mbili. Binti yangu kitindamimba, mwenye miaka tisa na maoni ya mtu wa sitini, aliteuliwa kuwa Gego la Nyuma. Kazi ya Gego la Nyuma ilikuwa kukaa pembeni kabisa, kule mswaki usikofika, karibu mchezo wote, kisha, jeshi la Sukari likishatimuliwa na wote wakidhani mambo yamekwisha, aimbe peke yake mstari mmoja: "Nami niliye nyuma, ni nani ataniona?" Hapo Mfalme Mswaki angekuja kumsugua, na pazia lingefungwa.

Mstari mmoja tu! Lakini wenye moyo wa uzazi mnajua kwamba mstari mmoja wa mtoto wako ni mrefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Aliuimba akioga, aliuimba akifunga viatu, aliuimba akiwa na mkate mdomoni. Na kila alipouimba alinigeuzia mgongo.

"Geuka basi nikuone," nikamsihi.

"Uso utauona siku yenyewe, baba. Nikikuonyesha sasa hivi utazoea."

Basi tamaa ikaniingia, wasikilizaji wangu, tamaa isiyo na dawa: nimwone uso binti yangu anapoimba mstari ule. Sikutaka kingine. Dhahabu mngeniwekea pembeni ningewaambia mnanizibia.

Mwalimu akaagiza kila mzazi alete vazi la mwanawe. Nilipopata agizo lile nilisimama katikati ya chumba cha cherehani, nikanyoosha mkono wenye tondoo ya chuma kidoleni, nikanena: "Enyi meno mengine, tetemekeni! Wazazi wenu watawashonea mifuko, lakini gego langu litatoka kiwandani mwa bingwa!"

Mke wangu, ambaye ni mpokea simu wa hospitali na hupandisha sauti mara chache sana, aliinua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa akikunja. "Wewe baba, usitumie shuka langu jeupe."

Nikatumia shuka lake jeupe. Nikachukua na sifongo la godoro kuukuu, nikalikata, nikalizungushia shuka, nikamsimamisha binti na kumpima juu hadi chini. Na hapo ndipo mkono wangu uliponisaliti. Kwa maana mkono wa fundi wa sare una ada yake: ukipima mtoto, unaongeza. Kila mzazi anayeingia kibandani kwangu husema neno lilelile, "Mwachie nafasi, anakua huyu," nami huongeza vidole vinne huku na vidole vinne kule, hata sisikii tena nikiongeza. Basi nikaliongezea gego vidole vinne chini na vidole vinne utosini, kana kwamba binti yangu atalivaa mpaka aolewe.

Tulipolijaribu Jumapili lilimkaa vizuri ajabu, na tundu la uso likaangukia usoni penyewe. Hatukujiuliza kwa nini. Siku ile nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama juu kama mto wa kulalia, nazo ndizo zilizolibeba jino lote. Alhamisi mama yake akamkalisha chini akamsuka mistari myembamba iliyolala kichwani, akapendeza kweli, na hakuna aliyelikumbuka gego lililoning'inia nyuma ya mlango.

Asubuhi ya vita binti alinitolea masharti, mikono kiunoni. "Baba, nakujua. Usisimame. Usiimbe na mimi. Na usilie kwa sauti, watu wanageuka."

Nikaweka mkono kifuani. "Mimi, Bwana wa Mapindo, naapa mbele ya mama yako na mbele ya birika hili."

"Sema tu sawa, baba."

"Sawa."

Tukafika ukumbini. Viti vya plastiki vilipangwa kwa karibu mno hata magoti ya mtu yalikuwa mali ya aliyeketi mbele yake. Nikatwaa ngome katika safu ya tano, katikati, mahali nilipopachagua kwa hesabu za vita: kutoka pale pembe ya Gego la Nyuma ilionekana bila kizuizi. Akaja bwana mmoja mwenye mabega mapana akaketi mbele yangu, akainua kishikwambi cha ukubwa wa sinia. Nikamwomba ashushe. Akashusha. Nikajiona nimeteka nchi.

Mwalimu mkuu akahutubia, akahutubia tena, kisha pazia likavutwa. Meno yakaingia kwa kucheza, safu ya juu juu ya madawati, safu ya chini sakafuni. Na wa mwisho katika safu ya chini, akipapasa hewa kwa mikono, akaingia gego langu.

Mke wangu akaniinamia. "Mbona mtoto hana macho?"

Ole wangu! Jino lilikuwa limemshukia kichwani bila nywele za kulibeba, na tundu la uso likaonyesha kidevu na mdomo wa chini. Pindo lilikokota sakafuni. Gego likamgonga jino la pembeni, likaomba radhi kwa pazia, likafika mahali pake kwa kufuata ukuta. Watu wakacheka, maana walidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa. Mimi sikucheka.

"Umeongeza vidole vinne," akasema mke wangu.

"Nawe umemsuka."

"Kumbe kosa ni langu?"

"Nasema tumeshirikiana."

Mbele yetu jeshi la Sukari lilivamia kwa nyimbo na vishindo, nami nikapiga hesabu: Sukari itashinda beti mbili, Mswaki atafika, Sukari itakimbia, kisha mstari. Mstari utaimbiwa ndani ya godoro! Mtoto aliyeimba akioga na akifunga viatu atauliza ni nani atamwona, naye haonekani, wala yeye haoni mtu. Nikasikia joto la aibu likipanda kutoka kwenye soksi. Mimi ndiye niliyelishona.

Mke wangu akafungua skafu yake shingoni, akaniwekea mapajani. "Chukua. Nenda kamwekee kichwani."

"Nimeapa kutosimama."

"Basi usisimame."

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo hekima ilipozungumza kwa sauti ya mpokea simu! Kiapo kilikataza kusimama, kutambaa hakikukutaja. Nikateremka chini ya viti nikiwa na suti yangu ya pekee, niliyoishona mwenyewe, yenye suruali isiyopenda kukunjwa magotini, nami nikaanza safari.

Nisaidieni kuieleza safari ile. Nilipita kati ya mikoba iliyolala njiani na chupa za maji zilizobingirika. Bibi mmoja akainua miguu bila kuuliza, akasema, "Pita baba, pita," kama anayempisha kuku. Mtoto mchanga aliyekuwa sakafuni akaikamata tai yangu kwa ngumi zote mbili, tukatazamana uso kwa uso, wanaume wawili wenye msimamo, nikamwachia tai. Mwishoni mwa safu nikakuta jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na juu yake, mbali sana, uso wa mwalimu mkuu.

"Fundi," akasema kwa mnong'ono, "umepoteza kitu?"

Nikamjibu kutoka chini kwa maneno ambayo hadi leo nayaonea fahari: "Mheshimiwa, kuna jino limezimika macho, nami ndiye niliyelizima. Nipishe nikatengeneze kazi yangu, au unikanyage hapa hapa mbele ya watoto hawa na historia ituhukumu sote wawili!"

Akafikiri kidogo. "Pitia kulia. Kushoto kuna ndoo."

Nikapita kulia. Nikafika nyuma ya pazia la pembeni, ambalo lilikuwa mashuka mawili yaliyobanwa kwa vibanio vya nguo, na hapo, umbali wa mkono, ukasimama mgongo wa gego. Nikaizungusha skafu mpaka ikawa ngata nene, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, nikaipenyeza chini ya pindo.

"Shika hii," nikanong'ona. "Ingiza mikono ndani, ujiwekee kichwani."

Jino likatulia. Kisha sauti ikatoka ndani ya sifongo. "Baba?"

"Ndiyo, mama."

"Umesimama?"

"Sijasimama. Niko kwa magoti."

"Mwalimu amekuona?"

"Mkuu ndiye aliyenielekeza njia."

Sifongo likaguna. Mikono ikazama ndani, jino likapepesuka, likavimba hapa na pale, na polepole likapanda juu vidole vinne kamili. Pindo likaacha sakafu. Nikamwona akigeuza kichwa huku na huku, na nikajua ya kwamba sasa anaona ukumbi. Wakati huohuo Sukari ya mwisho ilikuwa ikikimbia ikipiga kelele. Kinanda cha mwalimu wa muziki kikanyamaza.

Akaimba.

Akaimba mstari wake mzima, kwa sauti ndogo isiyotetemeka, "Nami niliye nyuma, ni nani ataniona?" na ukumbi ukawa kimya hata vibanio vya pazia nikavisikia vikilia. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma yake. Watu wote wa ukumbi ule, bwana wa kishikwambi, bibi wa miguu, mtoto mwenye tai yangu, walimwona uso. Mimi, peke yangu, niliona mshono wa mgongoni, ambao kwa kweli ulikuwa umepinda.

Makofi yakapasuka. Mfalme Mswaki akaja kumsugua, nikajikunja nyuma ya shuka nisionekane, na nikakaa pale nimeuma ulimi, na machozi yakinitiririka kimyakimya, maana sauti ndiyo iliyokatazwa. Nililia kwa furaha, na nililia pia kwa wivu. Niliwaonea wivu watu mia wasiojua hata jina lake.

Tulipotoka nje mke wangu aliwasha simu yake atuonyeshe picha aliyoichukua. Ilionyesha kishikwambi. Yule bwana, msisimko ulipompanda, alikuwa amekiinua tena, na kwenye kioo chake, kwa mbali, palikuwa na kitu cheupe kama punje ya mchele.

"Mimi nilimwona kwa macho," akasema mke wangu kwa upole. "Alipendeza, baba watoto. Alipendeza sana."

Tukatembea. Binti alitembea katikati yetu, jino amelibeba kwapani, amefurahi kupita kiasi, akitaja nani alisahau kucheza na nani alikanyaga nani. Tulipofika karibu na duka la vipuri vya baiskeli akanitazama.

"Baba, na wewe uliuonaje uso wangu? Nilifanya vizuri?"

Hapa, wasikilizaji, mashujaa wa zamani wangedanganya. Hata mimi ulimi ulishaanza kunyanyuka. "Sikuuona, mama," nikasema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona mgongo tu."

Akasimama. Akafikiri. Akampa mama yake lile jino alishike, akapanda kizingiti cha duka mbele ya wateja wawili na muuzaji mwenye mikono ya grisi, akanigeukia, akanyoosha shingo, na akaimba. Nikauona. Nyusi zilipanda kwenye "ni nani," kama mtu anayeuliza kweli na hana uhakika wa jibu, na kwenye "ataniona" akanikazia macho mimi, na pengo la jino lake la mbele likaachia upepo kidogo. Sikuweza kuvumilia.

"Mimi hapa!" nikasema. "Nakuona!"

"Hapana, baba, hapo hujibu. Hapo anakuja Mswaki." Akatazama kulia na kushoto. "Haya, kuwa Mswaki."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama muuzaji wa vipuri. Muuzaji akazima redio yake kwa kiwiko.

Basi tangazeni popote mtakapofika, na wenye kalamu waandike kwa wino usiofutika, ya kwamba siku ya Ijumaa, kizingitini pa duka la vipuri, Bwana wa Mapindo alikunja mikono ya suti yake ya pekee, akatwaa skafu, akamsugua Gego la Nyuma kutoka utosini hadi kwenye viatu huku akiimba kwa sauti mbaya sana, na wateja wawili wakapiga makofi, na dunia nzima, ile iliyokuwapo pale, ikashuhudia.

"Polepole, baba," akasema binti yangu, amefumba macho. "Unagusa fizi."