Bwana Gorvan Lazima Afe

Jumatano, 1 Agosti 1956

Kitabu kiko salama ndani ya gunia la unga wa muhogo. Hakuna aliyekiona. Mimi mwenyewe napiga chafya za unga tangu asubuhi.

Sikukiiba. Nilikiokoa. Siku ya mwisho ya shule ya misheni Sista Odile alinipa sanduku la vitabu vya kuwashia tanuri la mkate, akasema ni vya watu wazima na visisomwe na mtu yeyote. Vingine vyote nilivitia motoni kwa utii. Hiki kilifunguka chenyewe, pale ambapo Malkia Ilda, mjane, anafungia kivuli cha mume wake ndani ya mtungi ili kisizikwe pamoja naye. Nisingeweza kukichoma. Mungu ameona.

Baba yuko migodini Salamabila. Alinileta hapa Kasongo nikae na shangazi Aziza mpaka amalize eda ya marehemu mume wake, Mzee Abedi. Zimebaki siku ishirini na tisa. Shangazi anavaa nguo nyeupe, hatoki, hajipaki manukato, hacheki. Mimi pia sicheki, lakini kwangu ni tabia.

Eda ikiisha tutakwenda Salamabila: shangazi, mimi na cherehani yake. Tutawashonea wake za wachimba dhahabu. Baba amekubali. Ofisi ya Serikali imetoa karatasi ya kusafiri, watu wawili. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Ijumaa, 3 Agosti

Tatizo lina jina. Sumaili, mdogo wa marehemu, mwenye duka. Anataka kumrithi shangazi, na cherehani pia. Mwanamke wa eda haposwi, basi yeye haposi. Anakuja kwa baiskeli yake, anapiga kengele, anasimama nje ya ua, anakohoa, anauliza kwa sauti kama sukari imekwisha. Kila jioni! Ana sauti nzito, nzuri. Ndiye anayesomea mtaa mzima barua zao, na watu hulia hata barua ikiwa inauliza tu habari za mbuzi.

Mke wake wa kwanza, Hawa, alirudi kwao Wamaza mwaka juzi. Mkono wake wa kuume haufungi tena. Walisema alianguka kisimani. Hakuna aliyeuliza kisima gani.

Shangazi hasemi ndiyo wala hapana. Nilitaka kumwambia la mkono. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mwishowe nikamuuliza kama anataka maji.

Jumanne, 7 Agosti

Nimepata njia. Nitamsomea kitabu! Shangazi hajui kusoma, wala Kifaransa, basi nitakuwa namtafsiria. Ndani yumo Bwana Gorvan, waziri mwenye mkono wa chuma, anayemtaka malkia mjane ili apate kiti chake. Sumaili mtupu. Shangazi atasikia, ataelewa, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Tumeanza leo. Theluji ilinishinda. Nilisema ni unga wa muhogo unaoanguka kutoka juu. Shangazi akauliza kwa nini basi watu wa nchi ile wanalia njaa. Nikairuka sura hiyo.

Mama Apolline, jirani yetu Mkristo, alikuja kuazima mchi. Akabaki mpaka Gorvan alipovunja lango la ngome. Mchi aliusahau.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimemrekebisha Gorvan. Kitabuni ana farasi mweusi. Wangu ana farasi mwenye kengele ya baiskeli. Nimempa kofia nyekundu, pengo la jino la mbele na kikohozi cha mlangoni, vyote vya Sumaili. Nilipofika kwenye kikohozi, Sumaili mwenyewe akakohoa nje ya ua.

Shangazi alicheka! Mara ya kwanza tangu mazishi. Alificha uso ndani ya nguo yake nyeupe, mabega yakitikisika.

Ushindi. Nimekula bugali mara mbili.

Jumatatu, 13 Agosti

Si ushindi. Shangazi hataki tena habari za Tibo, kijana shujaa. Anasema kazi yake ni kusugua upanga tu. Hataki hata Nerine, mtumishi mwenye haya asiyefungua kinywa mpaka ukurasa wa mia mbili, ambaye mimi nampenda kuliko wote. Anasema msichana huyo amelala. Anataka Gorvan.

"Lete yule mutu wa mukono ya chuma," alisema akitandika mkeka. "Ule anajua anachotaka."

Mama Apolline anamuunga mkono. Anasema mume wake hajataka kitu chochote kwa miaka kumi na minne, hata sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka aulizwe.

Ubaya ni kwamba nawaelewa. Gorvan akiingia, sura nzima inasimama. Hata mimi nikisoma maneno yake nanyoosha mgongo.

Alhamisi, 16 Agosti

Hatua kali. Sura ya leo haimo kitabuni, nimeitunga. Gorvan alikuwa na mke, na siku moja alimvunja mkono kwa mlango kwa sababu ya chumvi iliyomwagika. Nilisoma bila kuinua macho. Mama Apolline aliacha kuchambua sombe.

 Shangazi akaniuliza, polepole, yule mke jina lake nani.

 Nilisema kitabu hakitaji jina.

Jumapili, 19 Agosti

Msiba. Kurasa za mwisho hazipo. Nimekumbuka: siku ya tanuri nilichana chache za kuwashia moto kabla sijaangalia nimeshika nini. Yaani masista walikula mkate uliookwa kwa mwisho wa hadithi yangu.

Basi mwisho ni wa kutunga. Nimemuua Gorvan. Nilimtumbukiza katika shimo la chumvi pamoja na farasi wake na kengele yake. Kazi safi. Malkia Ilda akachukua cherehani (kitabuni hakuna cherehani, sasa ipo) akahamia kwa kaka yake, kwenye mlima wa dhahabu. Wazi kuliko hivyo haiwezekani.

Shangazi alinyanyuka, akaingia chumbani, akalala akielekea ukutani. Hakula.

Jumatano, 22 Agosti

Siku ya tatu shangazi hali chakula. Anakunywa maji tu. Anasema mwaka huu amezika mara mbili.

Mama Apolline alinivuta nyuma ya jiko. "Weye mutoto, mufufue ule mutu. Shangazi yako atakufa."

Nilisema Gorvan ni mbaya. Akasema ubaya wake tutauangalia baadaye, afufuke kwanza.

Nilikusudia kumfufua kidogo tu. Mgonjwa, kitandani, asiyeweza kusema. Lakini nilipoanza, maneno yalikuja yenyewe. Akapanda kutoka shimoni, mweupe kwa chumvi kutoka kichwani mpaka miguuni. Akapiga magoti mbele ya Malkia Ilda. Akauvua mkono wa chuma, akauweka chini, akasema hajui namna ya kumshika mtu kwa mkono wa nyama, amfundishe.

Nililia nikisoma. Mama Apolline alilia. Shangazi aliinuka, akala bugali, sombe na samaki mzima wa mto Lualaba.

Sijawahi kutunga vizuri hivyo. Nakiri nilifurahi.

Alhamisi, 30 Agosti

Eda imekwisha. Wanawake walikuja asubuhi, wakamwogesha shangazi, wakamtia wanja, wakamvika kitenge cha rangi. Nilikuwa nimeshaifunga cherehani kwa kamba na kuiweka karibu na mlango. Lori la Kabambare, njia ya Salamabila, linaondoka kesho.

Walipotoka shangazi alinikalisha kwenye mkeka. Sumaili ametuma wazee baada ya sala ya adhuhuri. Na yeye amekubali kuolewa naye.

"Nilijua ni yeye tangu ile kengele," alisema. "Na ule mwanamuke wa mukono, nilijua ni Hawa. Lakini mutu anageuka, Subira. Si weye ulinisomea?"

Nilifungua kinywa. Yote yalikuwa pale, nyuma ya meno: kwamba ile sura si ya kitabu. Kwamba kitabuni Gorvan hapigi magoti mahali popote. Kwamba ni mimi niliyetunga, ili tu ale yule samaki.

Nikamuuliza kama anataka maji.

Jumanne, 25 Septemba

Ndoa ilifungwa wiki tatu zilizopita. Cherehani imeuzwa. Kitabu kilionekana, unga ulipopungua guniani. Bwana Sumaili hakukasirika. Alisema karatasi ni nzuri, akaipeleka dukani kwake. Juzi Mama Apolline alinunua chumvi, ikafungwa ndani ya Nerine. Ukurasa wa mia mbili, pale anapofungua kinywa. Ameniletea. Chumvi imekula nusu ya maneno.

Leo asubuhi shangazi alichambua mchele kwa mkono mmoja. Ule mwingine umefungwa kitambaa. Nilimtazama. Alisema alianguka kisimani.

Nyumba ya Bwana Sumaili haina kisima. Maji nachota mimi, mtoni.

Nadhani Bwana Sumaili aliniona nikitazama. Mchana alisema nyumba ni ndogo. Kambi ya migodi haipokei msichana peke yake, basi niondoke leo hii kwa bibi yangu, Wamaza. Kwenye karatasi yetu ya kusafiri, watu wawili, amekata mmoja kwa wino.

Shangazi hakutoka kuniaga. Alinitumia kitenge chake cha siku ile ya kumaliza eda. Hakijafuliwa. Bado kina manukato.

Ijumaa, 5 Oktoba

Wamaza. Hawa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi. Jana alikuja kunisalimu, akanipa mkono wa kushoto. Hakuuliza habari za Kasongo. Aliuliza kitu kimoja: ni vidole, au ni kifundo cha mkono?

Nilisema kifundo.

"Basi vidole bado," alisema, akaketi tumenye karanga. Anamenya kwa meno.

Nimefikiri usiku na mchana na sasa naona kosa langu. Nilikuwa mwoga. Nilifichaficha. Mara hii kila kitu kitasemwa. Naandika Kitabu cha Pili. Gorvan amerudia ubaya wake na Malkia Ilda anatoroka. Siku imo: Jumatatu ya soko, wanaume wakiwa sokoni. Njia imo: anapita nyuma ya mashamba ya pamba, anamngoja dereva wa lori penye daraja, anashuka kijijini kwa mwanamke mwenye mkono usiofunga, ambako kuna kitanda. Hata jina la dereva nimeliweka. Shangazi hawezi kukosea.

Gorvan nimempa maneno marefu katika sura ya kwanza. Mazuri sana, nimeyasoma kwa sauti mara nne. Sikuwa na namna. Bila Gorvan shangazi hasikilizi.

Hawa aliuliza nani atamsomea. Swali zuri, nililifikiria mapema. Shangazi hajui kusoma, Mama Apolline hajui. Kwa hiyo bahasha nimeiandika hivi: Kwa Bibi Aziza, kwa mkono wa Bwana Sumaili. Anasoma vizuri, hana haraka, na kwa maneno ya Gorvan hakuna sauti nyingine Kasongo nzima inayofaa.

Lori limeondoka nayo asubuhi hii.