Jinsi Kiroboto Kilivyoupanda Mwinuko wa Kihesa

Jongeeni, enyi watu wa Mlandege, nanyi mlioketi vibarazani huko Kihesa, zimeni redio zenu, kwa maana zinanenwa hapa habari za Ambrosi mwana wa Danieli, mwalimu mstaafu, bwana wa hendeli na choki, na za Kiroboto, kigari chake cha milango miwili na taa za mviringo, kilichoingia mjini Iringa kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Ilikuwa Jumamosi ya jubilei ya ndoa yake, miaka hamsini kamili, na wageni walikwisha kujaa kanisani Kihesa. Mwanawe Isaka alikuja toka Mbeya na gari refu jeupe lenye kiyoyozi, limepambwa maua kwa ajili ya wazazi. Lakini siku ya harusi Ambrosi alikuwa amemchukua mkewe Eveline kwao kwa Kiroboto, na moyo wake ulikataa katakata kumpandisha kingine. Ndipo Eveline, mama asiyeyumbishwa na maneno matamu, akatoa hukumu, akimwita mumewe kwa jina la binti yao mkubwa.

"Baba Lea, nimevumilia sana. Leo nakupa nafasi moja. Kikinifikisha kanisani bila kusukumwa, kibaki. Kikizimika njiani, mimi napanda kwa Isaka, na Jumatatu watu wa vyuma chakavu waje wakibebe."

Ambrosi akainua juu kama mkuki ile hendeli ya kuwashia gari, akanena: "Ewe Kiroboto! Wewe uliyevuka tope la Chunya pale malori yalipolia! Wewe uliyebeba watu saba na mbuzi, na mbuzi akakaa mbele! Je, utaniaibisha leo, nami nimevaa suti?"

"Washa gari bwana, ibada inaanza," akasema Eveline.

Kikawaka kwa zungusho la tatu. Kikapita Mlandege kwa kishindo, na wazee wakainuka vitini wakakipigia saluti, kila mmoja akidai kwamba mjomba wake alikuwa na kama hicho hicho, ila cha kijani. Ambrosi akawajibu kwa honi.

Kisha ukatokea mwinuko. Walipofika kati yake, gia ya kwanza, iliyozeeka pamoja na bwana wake, ikasaga meno na kugoma. Kiroboto kikatetemeka, kikasimama, ingawa injini haikuzimika. Nyuma yao Isaka akashusha kioo.

"Mama, njoo tu huku," akasema, kwa upole uliomuuma baba yake kuliko tusi.

Eveline akashika kitasa cha mlango. Hapo Ambrosi akakumbuka elimu ya mafundi wa kale: rivasi ina nguvu kuliko gia zote. Akakiachia kigari kikateremka taratibu hadi tambarare, Isaka akimpisha, akakigeuza, akapaza sauti:

"Mama Lea! Adui asiyeshindika kwa uso ataendewa kwa mgongo! Geuza shingo, uwe jicho langu!"

"Yaani unanipeleka kanisani kinyumenyume?"

"Naam!"

Eveline akaachia kitasa, akageuza shingo.

"Haya. Kata kushoto, kuna mtaro."

Wakapanda hivyo, hatua kwa hatua, injini ikiunguruma, huku gari la Isaka likiwafuata pua kwa pua, baba na mwana wakitazamana vioo kwa vioo. Mwana kwanza akaona haya, halafu akacheka mpaka akafuta machozi. Mama mmoja muuza viazi akawasalimu kwa Kihehe, akipiga kelele: "Kamwene! Mbona mnarudi nyuma?"

"Kamwene! Haturudi, tunakwenda jubilei!" akajibu Eveline dirishani, naye akaangua kicheko. Ambrosi alikuwa amekikosa kicheko kile miaka mingi, na hakujua mpaka alipokisikia. Nusura aingie mtaroni kwa furaha.

Wapiga tarumbeta walikuwa wamejipanga langoni wapokee nyuso za maharusi. Wakapokea matako ya gari. Wakasita. Mchungaji akawatikisia kichwa, wakapuliza kwa nguvu zote.

Eveline akashuka, akakung'uta gauni, akakitazama Kiroboto kinavyofuka moshi.

"Baba Lea," akasema, "kurudi tutashuka kwa mbele."

Basi na iandikwe, tangu Iringa hata Mbeya, wajukuu wasome: saa nne na robo asubuhi, Ambrosi mwana wa Danieli aliingia uwanja wa kanisa kwa mgongo, na mkewe alikuwa ameketi kando yake.