Ng'ombe Kumi na Wawili wa Bwana Hadsoni

Jumatatu, 2 Julai 1934

Leo nimeanza shajara. Watu wakubwa huandika shajara, na mimi Maduhu niko njiani kuwa mkubwa. Umebaki mtihani wa Kiingereza tu, tarehe kumi na sita, mbele ya Mkaguzi kutoka Mwanza. Nikifaulu, ukarani kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Meza yangu, viatu vyangu. Nikishindwa, baba ameshasema: nirudi kijijini kwetu Mwakitolyo nikachunge. Nina miaka kumi na tisa. Ng'ombe wale wananijua na hawaniheshimu.

Darasani tuko kumi na watano, kitabu kimoja. Ni hadithi ya Wili, yatima wa Kiingereza, na Bwana Hadsoni, ndugu wa mzazi wake marehemu, aliyemnyang'anya Wili kinu cha kusagia ngano. Mwalimu Hatibu (mtu wa Tanga, mpole, ana kikohozi) ametusomea yote isipokuwa sura ya mwisho. Hiyo tusome wenyewe kwa zamu. Leo ametuandikia ubaoni: mhusika mkuu, mpinzani, mandhari, kilele. Tena mhusika bapa, ambaye huanza hadithi na kuimaliza vilevile, na mhusika duara, ambaye mambo humfunza akabadilika. Mimi ni duara, bila shaka.

Nimeomba zamu ya kwanza, nikapewa. Marselino, mtoto wa katekista, ambaye huwa wa kwanza kila mtihani, amenuna. Mpango wangu: nikae na kitabu mpaka akonde.

Alhamisi, 5 Julai

Marselino amekuja mara tatu kukiulizia. Nimemwambia bado natafakari. Kusema kweli sijakifungua. Nilikificha sakafuni chini ya mkeka, nyumbani kwa Bi Mwahija, ninakopanga.

Leo asubuhi nimeinua mkeka. Mchwa! Jalada lipo, sura za mwanzo zipo. Ya mwisho hakuna, limebaki vumbi. Hata namba za kurasa wamekula.

Bi Mwahija alisema kwenye sakafu ya udongo hakulazwi hata kanga kuukuu, sembuse kitabu cha serikali. Nikamwamkia shikamoo ili yaishe. Akasema marahaba, lakini hayajaisha.

Nimelibandika jalada kwa uji mzito. Kitabu sasa kinafunga vizuri kuliko zamani.

Ijumaa, 6 Julai

Wazo limenijia nikitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nimewaambia wenzangu kwamba sura ya mwisho nimeimaliza, Kiingereza chake kigumu kama ngozi kavu, na siku za zamu hazitutoshi. Basi tuicheze ngoma. Nani hapa Usukumani amewahi kusahau wimbo alioucheza mwenyewe? Wote wakaafiki, hasa wale ambao Kiingereza kinawaumiza kichwa. Mwalimu Hatibu naye akaafiki. Kitabu akakifungia sandukuni kwa usalama. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Marselino peke yake alisema angependa kusoma kwanza. Nikampa nafasi ya Wili, mhusika mkuu, pamoja na kilemba cha manyoya ya mbuni. Baba yake amewakataza wanawe ngoma tangu wabatizwe. Macho yakamng'aa. Hajauliza kitabu tena.

Jumatatu, 9 Julai

Mazoezi. Masele, mpiga ngoma wa Bagika, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vya hapa, amejitolea kutupigia. Akataka kujua Bwana Hadsoni ni nani hasa kwa Wili, mjomba au baba mdogo. Nikamweleza kwamba Waingereza wana neno moja tu kwa wote wawili. Akaniuliza sasa wanarithishana vipi. Tukakubaliana ni baba mdogo, maana mjomba hawezi kumfanyia mpwawe jambo kama hilo.

Hadsoni ninamcheza mwenyewe. Mwisho nimeutunga hivi: Wili ananifukuza hadi mtoni, mamba wananila. Kilele hicho.

Jumamosi, 14 Julai

Siku ya ngoma, uwanja wa sokoni. Upande wa pili Bagalu, chama pinzani, walikuwa na mtu aliyejivika chatu mzima. Kufika saa tisa watazamaji wao wote wamehamia kwetu. Tumemshinda chatu!

Tulipofika mtoni Masele akanyamazisha ngoma. Alisema baba mdogo haachiwi mamba hivihivi, ana wenyewe. Alipe faini, wapatane. Uwanja mzima ukaitikia, kisha ukagombana kuhusu idadi. Wakaishia kwenye ng'ombe kumi na wawili, na kinu kirudi kwa mwenyewe. Nikalipa (kwa kuwapitisha wenzangu mmoja mmoja, wakilia kama ng'ombe). Marselino akanipa mkono. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya nguo. Nami yakanitoka, sijui kwa nini.

Mwalimu Hatibu alikuja kutupongeza. Alisema mwisho ule haukumbuki vizuri, ila ni miaka mingi tangu aisome hadithi hiyo.

Jumatatu, 16 Julai

Mtihani. Swali la tatu ndilo lililobeba nusu ya alama: Bwana Hadsoni ni bapa au duara? Thibitisha kwa mwisho wa hadithi. Kalamu kumi na tano zikaanza kukimbia pamoja. Marselino aliandika huku anachezesha mabega. Nami nikaandika. Katikati nikakumbuka kwamba mwisho ule hauko kitabuni, lakini nilishafika ng'ombe wa saba.

Jumatano, 18 Julai

Siku mbaya. Mkaguzi alitupanga mstari, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwa nini kuna ng'ombe kwenye karatasi zote. Kumi na wawili kila karatasi. Kwa Marselino hadi rangi zao.

Mwalimu Hatibu akafungua sanduku, akakifungua kitabu kwa nyuma. Jalada likabaki mkononi, uji mkavu ukamwagika mezani. Akauliza nani alikuwa wa mwisho kukaa nacho. Nyuso kumi na nne zikanigeukia. Nikasema ni mchwa. Mkaguzi akauliza kama na habari za ng'ombe waliandika mchwa.

Tumeshindwa wote. Mwalimu Hatibu akatuombea, akaomba na kukohoa, mpaka Mkaguzi akachoka na kukubali turudie mwezi wa kumi. Mara moja tu, hakuna nyingine. Mimi adhabu yangu ni kunakili sura ya mwisho kutoka kitabu cha Mkaguzi mwenyewe, ili darasa zima lijisomee humo. Wakati natoka Mwalimu aliniambia polepole kwamba katika wahusika wote aliofundisha mwaka huu, bapa kuliko wote ni mimi. Imeniuma sana.

Hakuna aliyenisemesha njiani, ila Marselino. Baba yake amesikia habari ya manyoya. Aliniuliza kwa unyonge kama safari hii atasoma kitu cha kweli. Nikamwapia.

Ijumaa, 20 Julai

Kunakili. Bi Mwahija amenikalisha mezani na kuapa kwamba kitabu kikigusa sakafu nitalala nje.

Kurasa tisa. Nane nimeziandika neno kwa neno. Wa tisa umenishangaza. Hadsoni halipi chochote! Anakufa peke yake kinuni, Wili anapanda meli na harudi. Hakuna baraza, hakuna aliyewapatanisha, hakuna hata jirani aliyeuliza. Nimesoma mara mbili na moyo umenisononeka. Huyu mwandishi ama alikuwa na haraka, ama hakuwa na ndugu. Uwanja mzima wa soko ulijua jambo hili kuliko yeye.

Basi nimemsaidia: ukurasa wa tisa nimeuandika upya. Kiingereza changu kimekaa vizuri, hakuna atakayeuona mshono. Kitabu cha Mkaguzi kinaondoka kesho kwa gari moshi. Mwalimu Hatibu ameziangalia kurasa zangu kwa mbali, akasifu mwandiko. Marselino ameshaanza kuzikariri.

Bapa, ati. Mtu bapa angerudia ng'ombe walewale kumi na wawili. Mimi nimeongeza na ndama.